Doa la Zambarau Pale Kambu

Wakati huo nilikuwa nachora ramani za uchaguzi nikiwa Kikima, katika chumba cha nyuma kwa mama. Nilichukua takwimu za sensa, umri, elimu, dini, mahali mtu alipozaliwa, nikaziunganisha na majibu ya utafiti wa maoni, na kompyuta ikakisia kila mtaa ungeegemea upande gani. Upande wa mteja wangu niliupa rangi ya kahawia, wa wapinzani wake zambarau. Kaunti yetu ya Makueni karibu yote ilitoka kahawia.

Ila pale Kambu, kando ya barabara kuu, palitokea doa la zambarau. Dada yangu anaishi pale. Ameolewa na mfanyabiashara aliyekuja kutoka mbali, na wapangaji wa ploti yao, vyumba vya kukodisha nyuma ya duka, wengi ni wa kwao shemeji.

Mteja alikuja mwenyewe, mzee mpole wa kampeni. Alikunywa chai ya mama, akaisifu, kisha akaweka kidole juu ya lile doa.

"Hawa ni kina nani?"

"Ni makisio tu, mzee. Hapo hakuna mtu aliyeulizwa."

"Nimeelewa. Sasa unaweza kuishusha ramani mpaka ionyeshe kila ploti? Vijana wetu wawatembelee, waongee nao."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Sikujua kama ni maongezi kweli aliyotaka, na kutojua huko ndiko kulikonitia hofu.

Kesho yake nilishuka Kambu. Dada alikuwa anapanga vitunguu mbele ya duka. Nilimweleza yote. Aliendelea kupanga.

"Hiyo kompyuta yako imekosea," akasema mwishowe. "Shemeji yako yuko upande wa watu wa hapa kuliko hata mimi. Lakini wakifika mlangoni, nani atasimama awaeleze hivyo?"

Nilirudi nikaunganisha ploti zile na vijiji vya jirani. Doa likapotea. Nikatuma ramani asubuhi iliyofuata, na mzee akanipigia simu kabla ya chakula cha mchana.

"Ile rangi nyingine imeenda wapi?"

"Watu walikuwa wachache mno. Hesabu haingeaminika."

"Sawa, mwanangu. Na dada yako, bado ako na duka huko Kambu?"

Sikuwa nimewahi kumwambia nina dada. Nilijibu ndiyo, maana kukataa kungekuwa kubaya zaidi, na simu ilipokatika nilimpigia dada, nikamwambia afungashe.

Dada na watoto walikuja kwetu Kikima mpaka kura zikapigwa na matokeo yakatangazwa. Shemeji alikataa kufunga duka. Kila jioni tulimpigia, na asiposhika mara ya kwanza hakuna aliyekula. Hakuna aliyemgusa. Walirudi, na biashara inaendelea.

Mimi siku hizi nachora ramani za visima Kitui. Dada naye, akibishiwa hodi na watu wa utafiti, huwaambia mwenye nyumba hayupo.