Kibuyu cha Samli Hadi Kigoma

Niliondoka Babati kwa sababu ya barua ambayo haikuja. Dada yangu mdogo, Restituta, alikuwa ameolewa Kigoma na kijana wa reli aitwaye Bonifasi, na hakuwa mtu wa kukaa miezi miwili bila kutuandikia. Barua yake ya mwisho ilisema ana mimba, na kwamba anaumwa sana miguu. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Baada ya barua hiyo, kimya. Tulihesabu miezi mpaka tukaona mtoto angekuwa ameshazaliwa, na bado kimya.

Mimi ni fundi cherehani wa Bagara. Miaka ile mnaikumbuka wenyewe: sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa kwa foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Cherehani yangu niliifunika gunia, kazi ikawa kushona kiraka juu ya kiraka. Kwa hiyo nilipotafuta kisingizio cha kutokwenda, jamani, sikukipata.

Siku moja kabla ya safari nilikwenda Sigino kumuaga mama. Alinikabidhi kibuyu cha samli, kimefungwa vizuri kwa ngozi na kamba. Sisi wa milimani Mbulu mwanamke akijifungua mama yake humpelekea samli, na mama alikuwa akiikusanya hiyo kidogo kidogo tangu barua ile ya mwisho.

"Hii ni ya Resti," aliniambia. "Sitaki kukiona kibuyu hiki kinarudi kimejaa. Umenisikia, Baba Emanueli?"

Nilimsikia. Akiniita hivyo badala ya jina langu, najua hatanii.

Alfajiri nilipanda lori la mahindi pale barabara kuu, nikakaa juu ya magunia, kibuyu mapajani. Kondoa tulilala siku nzima na nusu tukisubiri dizeli. Dereva alikuwa mtu wa matumaini makubwa. Kila nikimwuliza alisema, "Sasa hivi, mzee," na mimi wakati huo hata mvi sikuwa nazo. Siku ya tatu tukaingia Dodoma, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope.

Kutoka Dodoma nilichukua treni, daraja la tatu. Mama mmoja aliyekuwa akienda Tabora alinusa kile kibuyu, akaanza kukisifia, kisha akataka nimpimie kidogo tu kwa sabuni mche mzima. Sabuni mche mzima, miaka ile! Nilimeza mate nikamwambia, "Mama, hii si ya kuuzwa. Ni ya mzazi." Akanipa hongera, akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikajifanya nimesinzia.

Uvinza watu walikuja madirishani na chumvi. Chumvi nyeupe, vikapu kwa vikapu, na mimi natoka mahali ambapo chumvi hugawiwa kwa majina pale duka la kijiji. Sikununua hata punje. Niliona vibaya kujishughulisha na chumvi wakati sijui ninakokwenda kuna nini.

Asubuhi treni ikasimama Kigoma, na pale reli inakwisha kabisa. Niliuliza njia hadi nyumba za wafanyakazi wa reli. Mlango wa Resti ulikuwa na kufuli. Mzee wa nyumba ya pili, Mzee Rajabu, mstaafu wa reli aliyevaa kofia safi kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekiona wiki nzima, alinitazama akacheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni kaka yake Resti. Huwezi kukataa, pua hiyo hiyo. Wenyewe wako Ujiji kwa mama yake Bonifasi. Tangu juzi watu wanakusanyika huko."

"Wanakusanyika?"

"Wengi tu. Lakini mimi si wa kukupa habari za nyumba ya watu, watakuambia wenyewe. Oga, ule, kisha nikutembeze mji. Kule tutakwenda saa kumi."

Kunitembeza! Hapo nikajua kuna msiba. Lazima niwaeleze wasomaji ambao hawakulelewa kwetu. Kwetu mtu aliyetoka safari hapewi habari ya kifo akiwa amesimama na njaa yake. Hupewa maji, hulishwa, kisha mtu mzima mmoja humtembeza, atulie kwanza. Baba yangu alipofariki nilikuwa Arusha. Niliporudi, baba mdogo alinionyesha ndama, akanionyesha ua jipya, akanizungusha shamba lote hadi kwenye mpaka, na huko mpakani ndiko aliponiambia. Na anayetembezwa haulizi. Ukiuliza unamlazimisha mwenzako aseme kabla hajawa tayari.

Kwa hiyo sikuuliza. Nilioga. Nililetewa ugali na samaki aitwaye mgebuka, na sisi watu wa milimani samaki tunamtazama kwa mashaka hata siku ya furaha. Nilikula tonge tatu kwa heshima.

Saa nne tukaanza kutembea, kibuyu begani. Kwanza alinirudisha stesheni, jengo kubwa jeupe lililojengwa na Wajerumani, akanieleza nguzo zake na saa yake na jinsi alivyofanya kazi humo. Mimi nikajisemea, huyu ndiye ndama. Kisha bandarini, akanionyesha meli moja ya zamani sana iliyowahi kuzamishwa ziwani ikaja kuinuliwa tena. "Imekaa chini ya maji miaka na miaka," alisema, "na leo inabeba watu!" Alisema kwa furaha, nami nikaona ananifariji. Tulipita sokoni palipokuwa na dagaa kama mchanga na vitenge vya kutoka ng'ambo, na fundi cherehani huyu, ambaye hajashika kitambaa kipya mwaka mzima, hakugusa hata kimoja. Mzee alishangaa.

"Hupendi vitenge?"

"Napenda, mzee."

"Mbona uko kimya hivyo? Watu wa kwenu wote wako hivi?"

Nikamwambia ni uchovu.

Tulisimama mahali wanapokamua mawese. Vijana wawili walizungusha mti mkubwa, mafuta mekundu yakatiririka, na mzee akanieleza kila hatua, kuanzia kuchemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, hadi kuchuja. Nilikuwa nikiitikia tu. Akilini mwangu nilikuwa nikimtafutia mama maneno, na kila neno nililolipata lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Saa tisa tukapata gari la kutupeleka Ujiji. Tukashuka karibu na ziwa. "Hapa," mzee akaanza, "ndipo wale wazungu wapelelezi wawili walipokutana. Kuna jiwe la kumbukumbu pale, njoo ulione." Tukaliona. Lilikuwa jiwe. Nyuma yake maji yalienda mpaka kwenye milima ya Zaire, nami nikawaza, huu ndio mpaka wa shamba, sasa ataniambia.

Hakuniambia. Akasema, "Haya, saa kumi, twende nyumbani kwao."

Nje ya nyumba palijaa wanawake wameketi kwenye mikeka, kanga vichwani. Pembeni sufuria kubwa zilikuwa motoni, na wanaume wamekaa kwenye benchi. Bonifasi akasimama aliponiona, macho mekundu kama mtu asiyelala. Basi. Nikavua kofia, nikaweka kibuyu chini, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Poleni! Poleni sana ndugu zangu! Resti, dada yangu, nimechelewa!" Na nikalia. Nililia kama tunavyolia kwetu, mikono kichwani.

Wanawake wote wakanigeukia. Kisha mama mmoja mnene kwenye mkeka akauliza, "Huyu anampa pole nani?"

Mzee Rajabu akanishika mkono. "Mwanangu, pole ya nini? Leo mtoto anatolewa nje! Si ndiyo maana umekuja? Barua hamkupata?"

Kutoka ndani nikasikia sauti ninayoijua tangu ikiwa ya kitoto. "Kaka? Ni kaka anayepiga makelele hivyo?" Resti akatokea mlangoni, amenenepa, amevaa kitenge kipya, na mkononi ana mtoto aliyefunikwa uso. Yesu na Maria! Nilikaa pale pale chini vumbini. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangukia mwenzake, na siku zote nilizokaa Ujiji watoto walinipita wakiniambia, "Poleni sana!" na kukimbia. Sikukasirika hata kidogo. Wangeniita jina lolote ningeitika.

Bonifasi alikuwa amekesha kupika, ndiyo maana ya yale macho. Resti alikuwa amelazwa miezi miwili hospitali kabla ya kujifungua. Alipotoka wakaandika barua, na barua, kama sukari, ikaishia njiani. Mzee Rajabu naye alikuwa na desturi yake: kwao habari njema ya mzazi haitangazwi na jirani, huachiwa wenyewe wenye mtoto, na yeye alikuwa akinizungusha tu ili saa kumi ifike.

"Nimekutesa siku nzima!" alisema, ameshika kichwa. "Stesheni yote ile nakueleza, wewe unazika!"

"Nilizika, mzee. Nilizika hadi mawese."

Resti alifungua kibuyu kwa mikono yake, akanusa, akafumba macho. "Hii ni ya mama," alisema, na akalia kidogo yeye naye.

Siku zilizofuata nilimwomba mzee anitembeze upya, kila mahali, kwa mpangilio ule ule. Alifurahi kupita kiasi. Na sasa ndugu zangu ninaweza kuwaambia, mkifika Kigoma, nendeni kwanza stesheni, msimame pale reli inapokwisha mtazame ziwa. Ile meli ya zamani ina ngazi ya chuma ambayo mabaharia watawaruhusu kuipanda mkiomba vizuri. Mawese yakitoka yanakuwa ya moto, na wale vijana watawapa mwonje kwa muhogo. Sokoni kuna kitenge cha rangi ya kijani na njano ambacho nilikishika, nikakikunja, nikakinusa, mpaka mwenye duka akauliza kama nataka kukila. Kwenye lile jiwe Ujiji, ketini upande wa kivuli alasiri, wavuvi wakiwa wanaanika dagaa. Ziwa letu Babati nalipenda, lina viboko wake, lakini lile halina ng'ambo ya karibu, na nilikaa mbele yake bila kuwaza chochote. Mgebuka nilikula wawili kwa mkao mmoja.

Wiki ya pili nikaaga. Resti alikuwa amemaliza samli, akaosha kibuyu, akataka kukijaza mawese kwa ajili ya mama. Nikakataa katakata. Mawese nilibeba kwenye kidumu. Uvinza nilitoa kichwa na mabega dirishani nikanunua chumvi kikapu kizima, na nikaifunga kwa shati langu. Njiani kurudi sikumbuki shida yoyote, ingawa lori lilikuwa lile lile na dereva aliniita mzee vile vile.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayesubiri habari hawezi kuona kitu, hata ukimwonyesha ziwa. Mpe kwanza habari yake, hata ikiwa mbaya, kisha umwonyeshe ndama.

Sigino nilifika saa tano za asubuhi. Mama alikuwa shambani, jembe mkononi, na aliponiona njiani alisimama wima. Hakunitazama usoni. Alitazama bega langu. Nilijua nikianza na shikamoo, na habari za safari, na maji ya kunywa, nitakuwa ninamtembeza. Kwa hiyo nikiwa bado mbali nilikishusha kibuyu, nikafungua ngozi, nikakigeuza juu chini na kukitikisa kwa mikono miwili.

Halikutoka hata tone.

Mama aliachia jembe, akakaa juu ya tuta la viazi. Nilimkuta hapo hapo, anafuta uso kwa kanga.

"Wa kike au wa kiume?" akauliza.

"Wa kike. Wamempa jina lako."

Akanipokea kile kibuyu akakiweka mapajani.

"Haya," alisema. "Sasa nisalimie."