Habari Mbaya kwa Tshiluba

Nyumbani kwetu, mtaa wa Bel-Air, Kiswahili ni cha kila siku, Kifaransa ni cha shule, na Tshiluba ni cha mambo mazito. Mama yangu alikuja nacho kutoka Kasai akiwa msichana, na nilipokuwa mdogo alikitumia kunificha misiba na magomvi, mpaka nikakijua. Mchezo huo nikaurithi. Televisheni ikionyesha watu wa mashariki ya nchi wanaokimbia vita, magodoro kichwani, mimi na mama tulipunguza sauti na kuhamia Tshiluba, huku binti yangu wa miaka sita akichora sakafuni. Haelewi neno hata moja. Tulijiona wajanja kweli.

Jumamosi moja mwaka huu mama alikuwa anasonga bukari, nami natwanga sombe, majani ya muhogo. Tulikuwa tunapanga, kwa Tshiluba na kwa sauti ya chini, gauni la siku ya kuzaliwa ya mtoto. Mama alitaka marinda. Nikamwambia hayo marinda yatachanika kabla keki haijakatwa. Mtoto alipopita, tukanyamaza.

Punde akatoka chumbani amevaa viatu vya shule, mkoba umefura mgongoni.

"Mama, tutakimbilia wapi?"

Nilidhani anacheza. "Tukimbie nini?"

"Vita. Muko nasema Tshiluba. Ile vita ya ku televizyo inafika."

Mama aliacha kusonga. Kumbe mtoto hakuhitaji maneno. Alikuwa akisikiliza sauti zetu tu, na kila tulipohama lugha alijaza mwenyewe yaliyobaki. Nilijikasirikia, tena sana, kisha nikaketi nikampakata. Nikamweleza yote kwa Kiswahili: vita ipo kweli, iko mbali, kuna watu wamekufa na wengine wamepoteza nyumba. Na leo tulikuwa tunaongea habari za gauni lake, basi.

"Batafika na huku?"

Nilitamani kuapa kwamba hawatafika.

"Sijue," nikasema. "Naona hapana. Lakini kama kuko kitu, tutakuambia na wewe, na tutaenda bote pamoja."

Akafikiri kidogo. "Gauni iko ya rangi gani?"

Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge, nami nikacheka, na moyo wangu ukatulia. Bukari ilikuwa imeanza kuungua, hakuna aliyejali. Mtoto akavua mkoba, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: blanketi, mkate, ndala zangu. Chini kabisa kulikuwa na dawa za presha za mama, amezitia ndani ya soksi na kuifunga fundo.

"Kaku," akamwambia bibi yake, "wewe unasahau kila mara. Njo maana nilibeba."

Mama akaipokea soksi kwa mikono miwili. Mimi, mwanawe, nilikuwa sijui hata dawa hizo hukaa wapi.