Nilisaini Asubuhi, Nikarudi Kwenye Pilau

Mimi ni mwongo, na tena ni mwalimu. Msinitafutie visingizio. Nimeshavitafuta mwenyewe, vimekwisha.

Nafundisha sekondari moja upande wa Magu. Miaka michache iliyopita mkuu wetu wa shule alinipachika cheo cha mwalimu wa ushauri, yaani wa kuwaambia kidato cha nne waelekee wapi wakimaliza. Kwa nini mimi? Kwa sababu naongea sana, basi! Sifa nyingine sikuwa nayo.

Mwaka huo chuo kimoja cha ufundi pale Mwanza kikawaita walimu wa ushauri kutoka shule za mkoa mzima. Siku nzima ya maelezo: fani gani zinafundishwa, nani anachukuliwa, fomu zinajazwaje. Mkuu akanituma. Nilifurahi mno, lakini si kwa ajili ya fani. Enzi hizo biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, mitumba inamwagwa Mwanza kwa marobota, na sisi wa Magu tulikuwa tunaletewa makombo tu.

Nikafika asubuhi, nikasaini daftari la mahudhurio kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikanywa chai na chapati mbili. Mkuu wa chuo akasimama, akakohoa, akaanza: "Ndugu walimu, historia ya chuo chetu..." Eti historia! Nikamnong'oneza mwalimu wa Buswelu niliyekaa naye, mama mmoja mpole, "Dada, tumbo linanisokota, nakuja sasa hivi." Tumbo lipi? Nilitoka mbio hadi Mlango Mmoja, kwenye mitumba.

Nilichambua marobota mpaka jua likanikaa utosini. Nikapata viatu vyekundu vya ngozi, kisigino cha wastani, kama vile havijawahi kukanyaga chini. Niliporudi chuoni pilau lilikuwa linapakuliwa, na mimi nikapakua, tena nyama nikachagua! Mwisho tukagawiwa makaratasi ya maelezo, tukaagana. Ndani ya basi nikayakunjakunja makaratasi yale, nikayasokomeza ndani ya viatu ili visipoteze umbo.

Jumatatu mkuu akataka ripoti. Ningeweza kuchomoa yale makaratasi nikasoma. Nikasema, ya nini? Vyuo vyote si vilevile? Nikatunga kurasa mbili kutoka kichwani. Nikaandika kwamba umeme, makanika na majokofu ni fani za wavulana, na wasichana wanashauriwa ukatibu na ushonaji. Nilidhania tu, jamani! Mkuu akaisoma kwenye kikao, wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikasimama kuwapungia mkono kama waziri.

Sasa, tulikuwa na msichana mmoja kidato cha nne. Nimwite Kabula, ingawa si jina lake. Fizikia alikuwa anaitafuna kama karanga. Friji ya mafuta ya taa ya zahanati ilipogoma, fundi wa mjini akaikatia tamaa. Kabula akaomba igeuzwe kichwa chini siku nzima, kisha wakaisimamisha, akasafisha bomba la moshi, akaiwasha. Ikagandisha! Naye alikuwa amesikia kwamba viwanda vipya vya minofu ya sangara kule ziwani vinalilia mafundi majokofu.

Akanifuata ofisini na baba yake, mkulima wa pamba, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Huyu binti yangu anataka kusomea mafriji. Mimi sikatai. Nimekuja kuuliza tu, mabinti wanachukuliwa?"

Baba wa watu hakatai! Ningetaka nini tena?

"Hawachukuliwi, mzee wangu. Nilikuwepo mwenyewe, nimesikia kwa masikio yangu."

Kabula akaniangalia. "Hata mmoja, mwalimu?"

"Hata nusu!" nikajibu, nikacheka.

Nilicheka mimi. Yeye hakucheka, na baba yake akavaa kofia, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, nikakutana na yule mwalimu wa Buswelu kwenye michezo ya shule.

"Vipi lile tumbo?" akaniuliza.

"Tumbo gani? Aa, lile! Lilipoa."

"Haya, na nyie mmempeleka nani kwenye zile nafasi za wasichana? Kila shule jina moja, bila usaili, na bweni jipya. Wa kwetu tumemwandika majokofu."

Unadhani nilisema ukweli? "Tumeshapeleka jina zamani!" nikamjibu. "Kichwa hasa!"

"Afadhali. Maana mwisho ni Ijumaa."

Nikafika nyumbani nikachomoa makaratasi ndani ya viatu, nikayanyoosha juu ya meza. Ukurasa wa pili, juu kabisa, kwa herufi kubwa: NAFASI ZA WASICHANA. Nililia mpaka jirani akabisha hodi.

Lakini kulia si kazi. Nilikuwa na siku tatu nzima! Jumatano nikaenda kwa mkuu kumwambia ripoti ni uongo. Akaniona mlangoni: "Aa, mshauri wetu, karibu!" Nikamwomba chaki. Alhamisi sikwenda kabisa. Ijumaa nilikaa ofisi ya walimu natazama saa ya ukutani mpaka muda wa ofisi za chuo kufungwa ukapita. Niliogopa kuchekwa. Hicho tu! Nikamuuza mtoto wa mtu kwa sababu ya kuogopa kuchekwa na walimu sita.

Leo Kabula yuko kiwandani, kwenye kimojawapo cha vile viwanda alivyotaka kwenda kutengeneza majokofu. Anakata minofu. Anasimama kwenye maji ya barafu tangu asubuhi, na vidole vyake vimejaa makovu ya kisu.

Jumapili iliyopita kaja kunisalimia, kaniletea mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishakwenda Ulaya. Alikuja na mdogo wake wa kike, ambaye yuko kidato cha tatu hapa kwetu.

"Mwalimu," akasema, "huyu naye anapenda ufundi. Mwambie ukweli mapema kama ulivyoniambia mimi. Nakushukuru sana, ningehangaika bure."

Ananishukuru! Nikasema, "Chuo kinachukua wasichana."

Kabula akaniuliza, "Tangu lini, mwalimu?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu, ndugu wasomaji. Na mimi nikasema, "Tangu mwaka huu."

"Basi mdogo wangu kabahatika," akasema, akamkumbatia.

Walimu wenzangu, mkitumwa mkasikilize, kaeni msikilize, hata hiyo historia. Ukiulizwa usilolijua, sema sijui, hakuna aliyewahi kufa kwa kusema hivyo. Na ukishadanganya, usingoje Ijumaa ipite. Mimi nilingoja, na sasa nashindwa kumtazama usoni mtu anayenishukuru.

Kabula, jina lako nimebadilisha lakini hii habari utaijua. Uliniambia gazeti hili mnalisoma kwa zamu wakati wa mapumziko. Siyo tangu mwaka huu, mwanangu. Ilikuwa tangu mwaka wako wa kidato cha nne. Njoo unitukane, niko nyumbani.