Siku Nilipompeleka Mama Bukavu

Hadi leo, harufu ya petroli juani hunikausha mate. Hunirudisha kwenye kiwanja cha udongo cha Baraka, nikiwa na miaka saba, tukiisubiri ile ndege ndogo iliyozunguka Kilembwe, Kalemie na Bukavu ikibeba wagonjwa, wafanyabiashara na maboksi ya dawa. Mama yangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, tumbo limevimba. Daktari alisema apasuliwe Bukavu, tena upesi, na barabara ya Uvira ilikuwa imekatwa na mvua. Tulibaki na ndege hiyo tu, na sote tulikuwa roho juu.

Kwa ninyi ambao hamjawahi kuipanda, niwaambie: pale hawakupima mizigo peke yake, walipima na watu. Ajenti wa kampuni aliwapandisha abiria mmoja mmoja kwenye basikuli, mizani ileile ya kupimia magunia ya mihogo. Tantine, dada yake baba, ndiye aliyepangwa kumsindikiza Mama. Alipopanda, ajenti akatikisa kichwa. Tantine akavua viatu, akavua kitambaa cha kichwa, akavua hata hereni, kisha akabana pumzi. Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

"Tantine, uko muzito," ajenti alisema. "Ndege iko karibu kujaa. Munipe muntu mwepesi."

Baba naye akapimwa, akazidi. Ndipo Mama akainua mkono kutoka kwenye mkeka.

"Mupime huyu mutoto. Mudogo wangu atatungojea kule Bukavu."

Nikapimwa, nikafaa. Nilijiona mtu mzima.

Kabla ya kupanda, daktari alimchoma Mama sindano. Tulipopaa, ziwa likainama dirishani na macho ya Mama yakaanza kufumba. Hofu ikanishika. Bibi yetu alikuwa amefariki majuzi akiwa usingizini, tumelala naye chumba kimoja, na tangu hapo sikuuamini usingizi wa mgonjwa. Nikamtikisa.

"Mama, usilale!"

Akafungua macho taratibu. "Niko, mutoto wangu."

Yakafumba tena, nikamwita tena. Uvira ikapita chini yetu, milima ikapita, na kila nilipoita alijibu, jasho likimtiririka usoni. Tulipotua nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimemfikisha hai.

Mama alipasuliwa, akapona. Kwa miaka mingi niliisimulia safari ile, na shujaa wake nilikuwa mimi. Mwaka jana nilikuwa nikiwasimulia wanangu, Mama ameketi kando akichambua maharagwe, akaanza kucheka.

"Ile sindano ilikuwa ya kunilalisha," akasema, "juu nisisikie maumivu. Lakini kama ningelala, weye ungelia mpaka Bukavu."

Watoto wakaangua kicheko. Mimi niliinuka nikaenda uani kulia. Mama alipigana na dawa njia nzima, akayasikia maumivu yake yote akiwa macho, ili mimi nisiogope.