Mikro ya Kaseti Katika Kaske ya Rubani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nina kiduka changu cha kutengeneza redio pale Kasongo, rubani mmoja akaja kuniwekea kaske yake mezani. Wewe huniuliza kwa nini leo, simu inapoweza kuagiza kitu mpaka Nairobi, bado nawarudishia marubani wengine kaske zao bila kuzigusa. Naona unavyoinamisha macho mbele yao, kama uliyeaibishwa na mwalimu wako. Kaa nikueleze, ingawa kulieleza jambo hili hakujawahi kunipunguzia kitu.

Rubani yule aliitwa Anaclet. Alirusha ndege ndogo ya misheni, akipeleka dawa na kubeba wagonjwa. Kaske ya rubani, mwanangu, si kama hivi vya kusikilizia muziki. Inafunika masikio yote mawili ili injini isiyameze, na mbele ya mdomo ina mikro yenye matundu mbele na nyuma. Kelele za injini huingia pande zote mbili zikauana zenyewe, sauti ya mtu ikabaki. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba mikro yake imekufa, na kwamba pyesi yake, yaani kipuri cha kuiwekea, haiko Kasongo, haiko Kindu, wala kwa jamaa yangu wa Bukavu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

"Fundi, kama haiko, uniambie tu," alisema. "Kindu iko mwenzangu, ataniazima yake."

Angalia jinsi mlango ulivyokuwa wazi! Lakini watu wa soko walikuwa wamezoea kusema hakuna kinachomshinda Saidi, nami nilikuwa nimewaamini. Sifa ni pombe isiyonuka. Nikang'oa mikro ya redio-kaseti mbovu, nikaichomea waya, nikaiziba nyuma kwa gundi ili vumbi lisiingie. Kazi ilipendeza macho. Anaclet aliporudi nikamwambia, "Hii iko ya kweli. Imetoka Bukavu." Akaijaribu ndani ya ndege, injini imezimwa. Sauti ikatoka safi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Siku ya nne, safari yake ya kwanza na kaske ile, akaitwa Kabambare. Mwanamke mmoja jina lake Mwavita, mimba yake ya kwanza, alikuwa na uchungu tangu juzi na mtoto hatoki. Alihitaji kupasuliwa Kasongo, na mvua zilikuwa zimeikata barabara hata pikipiki zikawa zinabebwa begani. Aliyekaa kwenye foni, ile redio ya kusemezana na ndege, alikuwa baba yake mzazi, Mzee Kalonda.

Pista, ule uwanja wa kutulia ndege, ilikuwa imejaa maji katikati. Tangu alfajiri watu walichimba mifereji, wakamwaga changarawe, pakashika. Anaclet alipofika juu aliona maji yanang'aa kandokando, akauliza kama pale katikati panabeba gurudumu. Akauliza tena na tena. Mzee Kalonda alisikia mngurumo mtupu, kama mtu aliyetia kichwa ndani ya injini.

"Sikusikie, rubani!" alipiga kelele. "Shuka! Mutoto wangu anakufa, shuka!"

Anaclet alimsikia vizuri sana. Alichokosa ni jibu la swali lake. Alikuwa amebeba wauguzi wawili, na amri ya kazi yake ilikuwa asitue pista iliyonyeshewa bila jibu la ardhini. Akazunguka mara tatu, akarudi Kasongo.

Vijana wakambeba Mwavita kwa machela ya miti. Hawakufika hata kijiji cha Lusangi. Alikufa njiani, na mtoto tumboni.

Kabambare yote ikamwita Anaclet mwoga. Naye alikuja kwangu kuuliza kama kaske ina kasoro, nikamjibu bila kumtazama kwamba foni ya Kabambare ndiyo mbovu. Ndiyo, mwanangu. Nilimsingizia mzee aliyefiwa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikwisha kujikwaa mara mbili.

Baada ya arobaini Mzee Kalonda alitembea kwa miguu mpaka Kasongo kumtafuta rubani. Walipolinganisha walichosikia siku ile, wakaja wote wawili dukani. Anaclet akaweka kaske mezani.

"Fungua."

Nikafungua. Anaclet alitazama ile gundi, akatazama maandishi ya kiwanda cha redio-kaseti pembeni mwa mikro. Mzee ndiye aliyeuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua haikuwa yenyewe, baba. Sikujua kama injini itaifunika."

"Ulijua ya kutosha." Akashika masikio yake. "Siku arobaini nimeyalaani masikio haya. Nilisema, ni uzee, mimi ndiye nilishindwa kusikia, mimi ndiye niliua mutoto wangu. Mama yake naye alisema vile. Na wewe ulikuwa hapa, unajua."

Nilipiga magoti kuomba msamaha. Akaniambia niinuke, nisimchafulie njia. Hakunisamehe. Alikufa miaka kadhaa baadaye, nami nilipokwenda kwenye matanga watoto wake walinipa kiti, wakauhama upande niliokaa. Anaclet sikumwona tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi sikia nasaha yangu, mwanangu. Usimuuzie mtu jina la kitu usichonacho. Pyesi ikikosekana, sema imekosekana, ili mwenye haja atafute kwingine mapema. Kuna mtu nyuma yake usiyemjua, na anangoja. Jaribu kazi yako mahali itakapofanyia kazi, katika kelele zake na joto lake, si mezani kwako tu. Na kama umekwisha kudanganya, usingoje kuulizwa. Kimbia peku mpaka pistani, simama mbele ya ndege kabla haijaondoka, uaibike mbele ya wote. Aibu ile itakwisha. Hii niliyo nayo haijakwisha.

Mungu akupe mikono mizuri, akupe na ulimi unaokubali kushindwa. Asikukutanishe kamwe na baba wa mtu ukiwa umebeba jibu nililobeba mimi. Nenda na amani.