Karatasi ya Mahudhurio

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu stensili tatu kabla ya saa nne asubuhi. Stensili ilikuwa karatasi laini yenye nta. Ukiipiga kwa taipureta iliyotolewa utepe, herufi huitoboa, kisha unaitandika kwenye mashine ya kudurufu na kutoa nakala unazotaka. Ukikosea herufi unaipaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, ndipo unapiga tena. Mimi nilikuwa sisubiri. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, nimetoka kijijini Ziwani na cheti cha upigaji chapa cha miezi sita, na niliogopa kuonekana mzito.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika ofisi ya mradi mmoja wa maendeleo vijijini hapa Mtwara. Aliyetusimamia alikuwa Karani Mkuu, mzee wa Kiyao, mfupi, kofia ya kiua kichwani na kalamu mbili mfukoni. Hakunifokea. Alizikunja zile stensili, akazitia kwenye kapu la taka, akaniambia, "Mpiga chapa hana maoni, Bi Somoe. Ana vidole na macho. Vidole vya kuandika alichopewa, macho ya kuona kama ndicho."

Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa vidole.

Ninyi mliozaliwa wakati wa kompyuta huenda mkaona tulikuwa tunapoteza muda. Kila karatasi iliyoingia ilipita masijala, chumba cha kutunzia majalada, ikapewa namba kwa wino mwekundu na kufungwa kwa uzi mahali pake. Mtu asingeweza kuchomoa ukurasa wa tano bila wa nne na wa sita kumsema. Muhtasari wa mkutano, yaani maandishi ya yaliyozungumzwa na kukubaliwa, ulikuwa na taratibu zake zaidi. Mwenyekiti alitia saini fupi chini ya kila ukurasa, si wa mwisho tu. Nilimuuliza Karani Mkuu sababu. Akasema ukurasa usio na saini ni kama mtoto asiye na kwao, yeyote anaweza kumchukua.

Katikati ya miaka hiyo mradi ulikwisha na sisi tukapunguzwa. Nilikaa nyumbani, Magomeni ya hapa Mtwara, mwaka mzima na zaidi, nakaanga vitumbua alfajiri, binti yangu anavitembeza kabla ya kwenda shule. Sikuona aibu ya vitumbua. Nilichokiogopa ni siku za mvua, tulipokuwa tukivila wenyewe. Nayataja haya si kwa kujitetea. Nataka mjue nilikuwa nimebeba nini siku nilipoambiwa nifanye nilichofanya.

Nilipata kazi tena katika kampuni binafsi ya upimaji ardhi na ushauri. Sitaitaja, na imeshafungwa. Meneja wa kwanza alikuwa mpima ardhi wa zamani aliyependa porini kuliko ofisini, mtu mwema, lakini aliugua akarudi kwao. Aliyemfuata alitoka Dar es Salaam. Tulimwita Meneja tu. Alikuwa kijana kwangu, mtanashati, mwenye adabu. Kila asubuhi alinisabahi kabla sijamsabahi. Yeye ndiye aliyeleta kompyuta, printa, skana na modemu iliyokuwa ikilia kama paka kila ilipopiga simu kutafuta intaneti. Akanilipia mafunzo. Ndani ya miezi michache nilikuwa natuma barua pepe, naskani ramani na kuzirekebisha kwenye skrini. Watu wa ofisi za jirani walikuja kunitazama. Sijawahi kujisikia mtu kama nilivyojisikia mwaka ule.

Saini fupi za kila ukurasa Meneja alizifuta. Alisema ni mambo ya kizamani, yanachosha wanakijiji, na kwamba dunia sasa inakwenda kwa barua pepe. Sikubisha.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kampuni ilipewa kazi ya kutafuta mahali pa kuchimba kisima katika kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay. Nilikwenda na Meneja kama mwandishi wa kikao. Wanakijiji walikusanyika kwenye darasa la shule, wakajadili kutwa nzima kisima kiwe karibu na msikiti au karibu na zahanati, na mwisho wakakubaliana. Niliandika muhtasari mfupi wa ukurasa mmoja, na ukurasa wa pili ukawa karatasi ya mahudhurio: majina, saini na alama za vidole, chini yake saini ya mwenyekiti wa kijiji na mhuri wake.

Waliotia vidole walikuwa wengi, na mimi ndiye niliyeshika pedi ya wino. Ndivyo nilivyomfahamu Bibi Hawa. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni, wakafyeka pori hapo kijijini na kupanda mikorosho ambayo sasa ilikuwa yake. Mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo nikamshika kidole gumba, nikakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Akacheka, akasema kwa Kiswahili chake chenye Kimakonde ndani kwamba toka azaliwe serikali haijawahi kumshika mkono. Nikamwambia mimi si serikali. Akasema wote wenye karatasi ni serikali.

Wiki chache baadaye Meneja aliniita, akafunga mlango. Alinipa kurasa tatu za mwandiko wake nizichape. Ulikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kilekile, siku ileile, lakini humo ndani hakukuwa na kisima. Humo wanakijiji wote kwa kauli moja walikuwa wamekubali kuiachia kampuni ya mwekezaji eneo la pwani, mikorosho na vyote vilivyomo. Wakati huo gesi ilikuwa inazungumzwa kila kona, na watu wa mbali walikuwa wakitafuta ardhi ya pale kabla bei haijapanda.

Nilichapa. Nilipomaliza akanipa ile karatasi ya mahudhurio, akaniambia niiskani iwe ukurasa wa nne.

Nilimwambia chini ya karatasi imeandikwa ukurasa wa pili.

"Hilo dogo kwako," alisema. "Nimekusomesha kwa ajili hiyo."

Kisha akaongeza, kwa upole wake uleule, kwamba kampuni inafikiria kuajiri katibu muhtasi wa kudumu, na kwamba Dar es Salaam wapo wengi wanaoitaka kazi hiyo. Hakutaja vitumbua. Hakujua habari za vitumbua. Nilizikumbuka mwenyewe.

Nilikaa mbele ya skrini. Nilikuza picha mpaka ile tarakimu mbili ikawa kubwa kama mlango, nikaifuta, nikaweka nne. Sikuchukua hata dakika tano. Nilipokuwa nairudisha picha kwenye ukubwa wake niliziona alama za vidole zikipita moja moja, nikaitambua moja iliyoinama kidogo upande, kwa sababu nilikiinamisha mimi. Nikaunganisha kurasa nne kuwa kiambatisho kimoja, nikaandika anwani ya mwekezaji, nikabonyeza kutuma. Enzi za masijala wizi wa namna hiyo ungehitaji uzi ukatwe, wino mwekundu ughushiwe, na watu watatu wanyamaze. Siku hiyo alitosha mtu mmoja, na alikuwa mimi.

Kisima kilichimbwa. Maji yake yalikuwa matamu, na watu waliishukuru kampuni.

Mwaka uliofuata waya wa miba ulizungushwa pwani, na kibao kikasimamishwa. Wanakijiji walipokwenda kuokota korosho walifukuzwa na walinzi. Wakalalamika, na kamati ikaundwa kusikiliza. Niliitwa mjini kutoa ushahidi kama mwandishi wa kikao. Usiku wa kuamkia siku ile Meneja hakunipigia, hakunitisha. Asubuhi alinipa lifti tu, na njiani tukazungumzia joto.

Mwenyekiti wa kamati aliinua zile kurasa nne zilizotolewa kwenye printa ya mwekezaji. Nakala ya asili hakuna aliyeiulizia.

"Bi Somoe, muhtasari huu umeuandika wewe?"

"Ndiyo."

"Kurasa zote nne?"

"Zote."

Lilikuwa jibu la kweli, herufi kwa herufi. Nilikuwa nimezichapa zote. Hakuuliza kama zilichapwa siku moja, na mimi sikumsaidia kuuliza. Nilirudi kitini.

Kisha wakamwita Bibi Hawa. Alionyeshwa alama yake. Aliitazama karibu sana, kama mtu anayetafuta mwiba.

"Kidole ni changu, sikikatai," alisema. "Lakini nilikiweka kwa ajili ya kisima."

Baadhi ya watu walicheka kidogo. Mwenyekiti akamweleza, kwa heshima, kwamba karatasi inasema mambo mengine, na kwamba mtu mzima hujua anachotia saini. Bibi Hawa akageuka akanitazama. Nami nilimtazama, sikuweza kuangalia pengine. Sijui uso wangu ulikuwaje. Malalamiko yakatupwa siku hiyohiyo.

Nikawa katibu muhtasi wa kudumu. Nikapata kiti chenye magurudumu na barua ya pongezi kwa uaminifu na usiri kazini. Nilisomesha wanangu wote wawili kwa mshahara ule, na hadi leo sijui niwaeleze nini. Meneja alirudi Dar es Salaam kwenye cheo kikubwa zaidi. Aliniaga vizuri. Mwekezaji hakujenga kitu. Aliiuza ardhi kwa mwingine, huyo naye kwa mwingine, na mikorosho ikafungwa na magugu nyuma ya waya.

Nilistaafu kwa hiari miaka hiyo ya elfu mbili ilipokuwa inakaribia kwisha. Wenzangu walinifanyia karamu ndogo na kunipa kitenge. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikishatoka kazini, mkate wangu usipokuwa tena mikononi mwa mtu, nitakwenda kusema. Ilinichukua miezi mingine saba kutimiza ahadi hiyo, ingawa hapakuwa tena na wa kunifukuza popote.

Bibi Hawa alikuwa amehamia Ziwani, kwa binti yake aliyeolewa huko. Nilimkuta uani akimenya muhogo, amekonda, jicho moja limeingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kigoda bila kunitambua. Nilijitaja. Nikamweleza yote kwa utaratibu: kurasa tatu, tarakimu niliyoifuta, jibu nililolitoa mbele ya kamati. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Siku ile kwenye kamati," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Aliweka kisu chini.

"Nilikuona unaniangalia. Nikadhani unanihurumia. Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu kwamba wote kule walinicheka, ila yule mama wa ofisini ana huruma."

Niliomba msamaha, akaniambia msamaha wake peke yake haufai kitu, kwa sababu kidole chake hakikuwa peke yake. Wenye vidole vingine wengi wameshazikwa, na baadhi walizikwa kwenye viwanja vya kuombaomba, kwa kuwa makaburi ya wazazi wao yalibaki ndani ya waya. Akaniuliza kama naweza kuyasema haya mbele ya wakubwa. Nikasema naweza. Akasema basi niende nikayaseme, ndipo nirudi kwa ajili ya msamaha.

Nilikwenda. Niliapa mbele ya hakimu, nikaandika maelezo ya kurasa sita, na kila ukurasa nikautia saini fupi chini. Nilikuwa tayari kufungwa. Nilikuwa nimemwonyesha binti yangu kilipo kitabu cha benki. Hawakunifunga. Waliniuliza iko wapi karatasi ya asili, nikasema ilibaki kwa Meneja. Iko wapi kompyuta, nikasema iliuzwa kampuni ilipofungwa, muda mfupi baada ya mimi kustaafu. Wakanieleza kwamba ardhi imeshapita mikononi mwa watu watatu walionunua kwa nia njema, na kwamba neno la mpiga chapa mmoja dhidi ya nyaraka zilizokwisha kusajiliwa ni vigumu kusimama. Jalada lilifunguliwa. Nimelifuatilia mara nyingi, na kila mara naambiwa lipo.

Nilirudi Ziwani kumpa Bibi Hawa habari hizo. Nilimkuta binti yake amevaa kaniki, na uani pametandikwa mikeka ya msiba.

Wanaoanza kazi za ofisi huniomba siku hizi niwape wosia. Sina mwingi. Wizi niliousaidia haukuwa na bunduki wala mlango uliovunjwa. Ulikuwa na sauti ya upole, chai ya saa nne, na mtu anayekwambia kwamba wewe ni fundi. Siwezi kuwaambia mtakavyoutambua, maana mimi niliutambua. Nilijua tangu aliponipa ukurasa wa kwanza.

Hapa Magomeni majirani huniletea karatasi zao kabla ya kutia saini, za viwanja, za mikopo, za mirathi, niwasomee kwa sauti mpaka mwisho. Nawasomea. Wanasema wananijia mimi kwa sababu nilifanya kazi ofisini miaka mingi na sikuwahi kusikika na doa. Wakisema hivyo huwa nataka kuwaeleza, kisha nafikiri kwamba nikiwaeleza hawatarudi, na karatasi zao atawasomea nani. Basi naivuta miwani, nawaomba wakae, naanza kusoma.