Mama mkwe ashika usukani, mkwe ashika breki

Jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, na Semeni Mntangi ameshaketi nyuma ya usukani wa kirikuu yake. Anakanyaga klachi, anazungusha ufunguo. Kigari kinakohoa, kinatetemeka, kinanguruma, na kuku waliolala chini yake wanatawanyika kwa matusi ya kikuku. Semeni anatega sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye mafua. Akisharidhika anazima, anafunga mlango, anajitwika kapu la machungwa na kushika njia kwa miguu.

Majirani wamezoea.

"Semeni, gari limefika wapi leo?" anauliza mmoja kutoka uani kwake.

"Limefika palepale," anajibu bila kugeuka. "Lakini limeamka."

Semeni ana miaka hamsini na mbili, ni mchuuzi wa machungwa nje kidogo ya mji wa Muheza. Hununua matunda mashambani na kuyapeleka kwa wanunuzi Tanga mjini na Horohoro, mpakani. Kirikuu hiyo, ambayo ni pikapu ndogo ya kubebea mizigo, aliinunua mwaka jana kwa akiba ya miaka mingi. Tatizo likawa moja tu: gari analo, leseni hana.

Akaajiri madereva. Wa kwanza, akitumwa Horohoro, alikuwa anapitia Maramba. Maramba haikuwa njia yake, ila ndiko alikokuwa na mchumba. "Machungwa yalikuwa yanafika yamechoka kuliko mimi niliyeyachuma," anasema Semeni. Wa pili hakuwa na mchumba, lakini karibu nusu ya faida ilikuwa inabaki mfukoni mwake. "Akinipa changu, ananipa kwa huruma, kama ananichangia msiba."

Sasa msimu mkubwa wa machungwa uko mlangoni. Ukimkuta hana leseni, itabidi amwite tena yule wa Maramba. Leo ana mtihani wake wa pili wa barabarani. Wa kwanza alianguka, na jinsi alivyoanguka Muheza nzima inaijua, hata wasiojua gari lina magurudumu mangapi.

Mambo yalianzia pale alipokwenda kujiandikisha kwenye chuo kidogo cha udereva mjini hapo. Chuo kina gari moja na mwalimu mmoja. Mwalimu huyo anaitwa Sabiri, na Sabiri ndiye mume wa Nasma, binti yake Semeni.

Asiyekulia huku atasema, si vizuri zaidi? Ngoja. Kwa wazee wa Kibondei, wenyeji wa huku Muheza, mwanamume haketi mkeka mmoja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamnyanyulii sauti. Wakikutana njiani, mwanamume anapisha kando na mwanamke anajifunika uso kwa kanga. Vijana wengi wameshaiacha mila hiyo, lakini si Semeni. Yeye na Sabiri wameishi hivyo tangu siku ya ndoa, tena kwa raha mustarehe, kwani watu wasiosemezana watagombania nini?

Sasa wachukue watu hao uwatie ndani ya Vitz, kigari cha chuo, bega kwa bega.

"Nilitaka kuacha kazi," anakiri Sabiri, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. "Mwanafunzi mwingine akikosea namwambia, 'Wee, amka!' Huyu ningemwambia nini?"

Wakapata dawa. Nasma akawekwa kiti cha nyuma awe mpelekaji wa maneno. Sabiri akitazama dirishani, anasema, "Nasma, mwombe mama apunguze mwendo." Nasma anasema, "Mama, unaombwa upunguze mwendo." Semeni naye anajibu, "Mwambie mwenzio nimesikia, ahsante." Nasma anamgeukia mumewe, "Anasema amesikia, anashukuru."

Adabu ilikuwa nyingi, ila gari halikungoja adabu. Siku moja, maneno yakiwa bado njiani kutoka nyuma kwenda mbele, Vitz iliingia kwenye lundo la machungwa kando ya barabara. Hakuumia mtu, ila lundo lilikuwa la mchuuzi anayeshindana na Semeni tangu ujana wao, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba lile halikuwa kosa la gari.

Jioni ile Semeni akatoa amri. Alimtuma Nasma amwambie mumewe hivi: mlango wa gari ukifungwa, ndani hamna mkwe, mna mwalimu na mwanafunzi. Ukifunguliwa, kila mtu arudi kwenye heshima yake.

Mwanzoni sauti ya Sabiri iligoma kutoka. Alinong'ona kama mgeni aliyekuta watu wanaswali. Mpaka asubuhi moja kwenye kona, Semeni alipotaka kulipita lori la mkonge bila kuona mbele.

"Mama! Wapi unatupeleka?" Sauti ilipasuka kama chanja la vyombo limeanguka. "Kona hiyo! Rudi kushoto! Macho umeyaacha nyumbani? Rudi nyuma ya lori, mama wee!"

Semeni akarudi kushoto. Akalifuata lori taratibu mpaka walipoegesha.

"Kumbe baba unayo sauti," akasema. "Nilidhani mwanangu kaolewa na bubu."

Kisha akafungua mlango. Sabiri naye akashuka, akainamisha macho, akambebea kikapu na kumfuata kwa mbali.

"Tangu hapo alikuwa ananifokea kama mwalimu wa shule ya msingi," anasema Semeni, na ukimtazama vizuri utaona anajivuna. "Nikajifunza upesi. Kufokewa ni nusu ya elimu."

Ikaja siku ya mtihani wa kwanza. Mtahini alikuwa Afande Anjela, askari wa usalama barabarani, mzaliwa wa Moshi, mgeni wa mila za huku. Mwalimu haruhusiwi kupanda, kwa hiyo Sabiri alibaki nje. Semeni akaondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma. Akarudi kinyumenyume kati ya vijiti bila kukigusa hata kimoja. Afande alikuwa ameanza kutabasamu.

Sabiri alishindwa kutulia. Roho ikamtuma akasimame njia panda, karibu na mlingoti wa taa, aone mama mkwe anavyofaulu.

Semeni akamwona. Si mwalimu tena, maana hayumo garini. Ni mkwe, yuko njiani, kwa miguu. Mikono ikafanya ilichofundishwa tangu usichana: ikaachia usukani, ikavuta kanga, ikafunika uso.

Gari likaendelea peke yake, kwa kudra za Mwenyezi Mungu.

Afande Anjela alivuta handibreki kwa mikono miwili. Gari lilisimama umbali wa mkono mmoja kutoka kibanda cha chipsi. Muuza chipsi alikuwa ameshafika ng'ambo ya barabara, na mwiko wake mkononi.

"Mama, umeona nini?" akauliza afande, akihema.

"Mkwe," akajibu Semeni kutoka ndani ya kanga.

"Mkwe ni alama gani ya barabarani?"

Siku hiyo Semeni alishuka na kanga yake, leseni akaiacha.

Nyumbani, mume wake, Mzee Shekhe, alitoa shauri kabla ya kuombwa. "Liuze hilo gari, mama Nasma. Barabara si jikoni."

"Na wewe jikoni mara ya mwisho uliingia lini?" akajibiwa, shauri likafa hapo.

Nasma akatoa lake: siku ya mtihani mumewe apelekwe mbali, Tanga huko, mpaka mambo yaishe. Wakaenda kumweleza Afande Anjela, na kwa mara ya kwanza akaelewa kisa cha kanga. Alicheka mpaka kofia ikamvuka. Kisha akakataa.

"Siku ya mtihani mtamficha," alisema. "Siku nyingine zote mtamficha wapi? Dereva anakutana na watu wote. Nataka asimame palepale."

Mtu akamshauri Semeni aiache hiyo mila, dunia imebadilika. Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Leseni naitaka, msimu umefika. Lakini yule kijana kanitunzia mwanangu vizuri. Heshima yake siivui kwa ajili ya machungwa."

Hivyo leo asubuhi Semeni anaingia kwenye gari la mtihani akiwa na mambo mawili yasiyokaa kiti kimoja. Afande Anjela anakaa kushoto, kalamu mkononi, mkono mwingine karibu na handibreki. Huyu safari hii hachezi.

Soko limejua. Wanawake wameacha mafungu yao na kujipanga kando ya njia kama wanangoja bibi harusi. Muuza chipsi amesogeza kibanda chake ndani zaidi.

Semeni anapanda mlima, anashuka, anarudi kinyumenyume. Kisha anakata kwenda njia panda. Sabiri yuko kwenye mlingoti, macho kwenye vidole vya miguu, anatamani ardhi immeze.

"Shika usukani, dada!" anapiga kelele mwanamke mmoja. "Huyo ni mti, si mkwe!"

Mikono ya Semeni haiachii usukani. Anatazama kioo cha kati. Anatazama cha pembeni. Anawasha indiketa ya kushoto. Anapunguza mwendo, anatoka barabarani taratibu, anasimama. Gia anaiweka huru. Anavuta handibreki. Anazima gari kabisa.

Hapo ndipo anapovuta kanga na kujifunika uso.

Sabiri, kwa adabu zote, anazunguka nyuma ya mlingoti na kwenda zake.

"Mama, mbona umesimama?" anauliza Afande Anjela.

"Nampa mkwe wangu heshima yake, afande. Huwezi kumpa mtu heshima gari likiwa linatembea."

Afande anatazama barabara, anatazama indiketa inayoendelea kupepesa, anatazama kanga. Anaandika.

"Dereva akiwa haoni mbele, asimame pembeni," anasema. "Ndivyo tunavyowahubiria kila siku, hawasikii. Twende."

Semeni anafunua uso, anawasha, anatazama kioo, anaashiria kulia na kurudi barabarani. Vigelegele vinamfuata mpaka kwenye uwanja wa mtihani, na huko anaambiwa amefaulu.

Sabiri amepata habari kupitia kwa Nasma, kama kawaida. Tayari wanawake kadhaa wa sokoni wamekwenda kuulizia nafasi chuoni kwake, na amewauliza wote swali moja kabla ya jina: "Una binti niliyemwoa?"

Mzee Shekhe naye amegeuza maneno. Sasa anauliza atakaa wapi kwenye gari. Ameambiwa ataajiriwa kuwa utingo, akae nyuma na mizigo, na akizembea atafutwa kazi.

Semeni ana mipango. Akishazoea kirikuu atasomea daraja la magari makubwa, aendeshe Fuso. Lakini kwanza msimu huu, na safari yake ya kwanza ni Horohoro, kwa mnunuzi ambaye hajawahi kumwona.

"Miaka yote bei naletewa na dereva. Mara machungwa madogo, mara soko baya, nami nakubali," anasema huku akifunga turubai. "Safari hii nakwenda mwenyewe, nimsikie akiitaja. Na yule nitamtazama machoni mpaka apepese. Si mkwe wangu."